Mgeni wa Nyuzi Tano

Siku ya tisa mke wangu aliuliza. Siku nane zote alikuwa anaipita tu ile besi pale pembeni ya kabati la televisheni, anafagia kuizunguka, anaisogeza kwa vidole viwili kama mtoto wa watu aliyepitiwa na usingizi. Siku ya tisa akasimama na ufagio mkononi.

"Baba Junior, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wako jembe lake liko wapi?"

Sikuwa na jibu. Besi yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa gitaa la besi, Yamaha ya nyuzi tano, rangi ya kahawia iliyoiva, mali ya jamaa mmoja wa Tabata aliyekuwa anapunguza vyombo. Alitaka 1,150,000, na kwa kuwa tunafahamiana tangu enzi za kwaya, akaniachia wiki mbili nijiridhishe. "Kaa nayo tu, kaka. Ukishaizoea utanitafuta mwenyewe." Yule bwana anaijua biashara.

Mchana mimi ni fundi wa mafriji na viyoyozi. Ijumaa mpaka Jumapili napiga besi: sendofu, harusi, ibada, na deiwaka popote mtu akinipigia simu kwamba mpiga besi wao hajafika. Shughuli moja napata 50,000, wenye shughuli wakiwa na nafasi inafika 80,000. Kwa hiyo ile bei ilikuwa shughuli 23 za kima cha chini, bila nauli, bila kula, na bila Januari kufika na ada zake. Hesabu hiyo niliiandika siku ya kwanza nyuma ya risiti ya gesi ya friji, nikaikunja, nikaitia mfukoni, nikaendelea kuitamani besi kama vile sijaandika kitu.

Ya kwangu niliinunua mwaka 2011. Nyuzi nne, nyeusi, jina la kiwanda pale kichwani lilikuwa limeshafutika nilipoikuta. Mahali mkono wa kulia unapolalia rangi imekwisha, mbao iko nje, laini kama mpini wa jembe la zamani. Nimewapigia harusi watu ambao sasa wana watoto kidato cha kwanza. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuona kama inapungukiwa. Nyuzi za E, A, D, G, basi. Mpangilio ule ule wa besi ya umeme aliyoitoa Leo Fender, yule mtengeneza magitaa wa Marekani, mwaka 1951, na dunia imecheza nao mpaka leo.

Tatizo lilianza na kii, ile noti ya msingi ya wimbo. Waimbaji wa siku hizi, hasa wa injili, wanapenda E-flati, A-flati, D-flati, na mpiga kinanda wetu naye amekulia huko huko, kwenye vitufe vyeusi. Sasa E-flati ya chini kabisa iko nusu toni tu chini ya uzi wangu mnene ukiwa wazi. Nusu toni! Unaisikia iko pale chini ya sakafu, hufiki. Inabidi uitafute juu, freti ya sita, yaani kile chuma cha sita cha shingoni, kwenye uzi wa A, na hapo wimbo unaotaka kutua chini unabaki umening'inia. Besi ya nyuzi tano ina B chini ya E, kwa hiyo E-flati inakuwa freti ya nne tu, hapo hapo mkono ulipo. D, D-flati, C, zote zimo.

Niliwahi kujaribu njia ya mkato ya kuulegeza uzi wa E mpaka D. Sauti ipo, lakini uzi unakuwa kama kamba ya kuanikia nguo, unagonga freti, na mkono wa kushoto unasahau uzi mmoja umehama. Katikati ya wimbo wa pili nilikuwa nimeshapotea.

Basi mke wangu aliposema jembe, lile neno lilinikaa. Nikachukua daftari la wateja, nikageuza nyuma, nikaandika tarehe. Nilikuwa na wikiendi ya kazi nne: sendofu Ijumaa, harusi Jumamosi, ibada mbili Jumapili. Nikaamua kumlimisha mgeni. Kila wimbo ukiisha naweka alama: nimeugusa uzi wa B au sikuugusa, na kama niliugusa, ulihitajika au nilijifurahisha.

Jumapili jioni nikahesabu. Nyimbo 58. Uzi wa B niliugusa kwenye 17. Katika hizo 17, kwenye 11 mkono wa kushoto wa mpiga kinanda ulikuwa tayari uko chini kule kule, tunakanyagana. Kwenye nne nilikuwa najionyesha tu, raha ya kitu kipya. Zikabaki mbili.

Lakini zile mbili, jamani. Moja ilikuwa kwenye ibada ya pili, wimbo wa taratibu, E-flati, kwaya imenyamaza, kinanda kimebaki na sauti za juu tu, dada mmoja anaimba peke yake. Nikashuka kutoka A-flati mpaka E-flati ile ya chini na nikaiacha ikae. Haikuwa kelele. Ilikuwa kama mtu amevuta kiti, nyumba nzima ikakaa. Niliona bega la mzee mmoja wa mstari wa mbele likishuka. Ukishafanya jambo kama hilo mara moja, daftari linakuwa adui yako.

Jumatatu nikaziweka besi mbili kitandani, nikazichomeka kwa zamu kwenye amplifaya moja, nikapiga kitu kile kile. Ya jamaa ilikuwa inang'aa, ya kwangu imeziba kama mtu mwenye mafua. Nikasema hapo ndipo pesa ilipo. Nusura nimpigie simu. Halafu nikapitisha kidole kwenye nyuzi zangu, kidole kikatoka cheusi. Zilikuwa na miezi kumi na minne. Za kwake zilikuwa mpya, alizibadilisha wiki anayonipa. Kumbe nilikuwa nalinganisha nyuzi, si magitaa.

Wapiga besi wa zamani wanaijua dawa ya hapo. Nilizitoa zote nne, nikazikunja kila moja mduara, nikatia maji na tone la siki kwenye sufuria, nikachemsha kama dakika kumi. Maji yaligeuka rangi ya chai ya rangi, na utando wa mafuta ukaelea juu, jasho la harusi za mwaka mzima na zaidi. Nikazitoa kwa uma, nikazikausha vizuri kwa taulo kisha kwenye jua maana kutu haisubiri, nikazirudisha. Besi ikafunguka. Si kama mpya, na najua raha hiyo haimalizi wiki mbili, maana kuchemsha kunachosha waya. Ila ilitosha kunionyesha kwamba sehemu kubwa ya nilichokuwa nakipenda inauzwa Kariakoo kwa 55,000, seti nzima. Watu hupenda kusimulia kwamba James Jamerson, yule mpiga besi wa Motown, lebo ya muziki ya Detroit, hakuwa akibadilisha nyuzi mpaka uzi ukatike. Kweli, lakini zake zilikuwa za bapa, zenye waya wa nje ulio laini, na Detroit haina chumvi ya Bahari ya Hindi hewani.

Kuhusu sufuria sitaki kusema mengi. Ilikuwa ya wali.

Wiki hiyo hiyo nilimfuata fundi mitambo wa sauti tunayefanya naye kazi mara nyingi, nikamuuliza uzi wa B unasikikaje kule nje. Alicheka kwanza.

"Kaka, nikwambie ukweli usikasirike? Chini ya arobaini mimi nakata. Hizi spika nimekodi. Zikiungua nalipa mimi, hulipi wewe."

Nikamtaka anifafanulie. Uzi wa E ukiwa wazi unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde. B ya chini ni kama mara 31. Spika nyingi za kukodi, hata zile kubwa za inchi 18, huko chini hazina kitu cha maana. Zinahema tu, koni inakwenda mbele na nyuma, umeme unaliwa, sauti haitoki. Kinachosikika kwa mgeni aliyekaa meza ya nyuma ni mtetemo wa pili, ule wa 62, na sikio lenyewe linajazia kilichobaki. "Pale kanisani," akasema, "ulisikia kwa sababu ulikuwa na amplifaya yako mgongoni na ukumbi ni mdogo, ukuta wa tofali. Kwenye hema Mbezi huipati."

Hapo nikakumbuka kwamba wimbo wa pili katika zile mbili nao ulikuwa kanisani.

Mpiga kinanda ndiye niliyemkwepa muda mrefu zaidi. Ni mdogo wangu kiumri, ana kipaji, na ana mkono wa kushoto usiotulia. Amezoea kupiga peke yake kwenye vikundi visivyo na besi, kwa hiyo anajaza chini yeye mwenyewe. Miaka mitatu nimekuwa nikigombana na mkono ule bila kusema, naongeza sauti, naye anaongeza, fundi mitambo anatupunguza wote. Na nikiwa mkweli, moja ya sababu za kuitaka nyuzi tano ilikuwa hiyo: nishuke mahali hawezi kunifuata. Ujinga mtupu, maana kinanda kinafika chini kuliko hata hiyo nyuzi tano.

Nilimwambia kwenye bajaji tukirudi. "Mdogo wangu, mkono wako wa kushoto unanila." Akashangaa kweli kweli. Akasema, "Bro, mimi nilidhani nakusaidia. Naona kwenye E-flati unapanda juu, nikasema ngoja nimzibie." Miaka mitatu! Wikiendi iliyofuata aliuweka mkono ule kwenye chodi za kati, zile noti zinazopigwa pamoja, na besi yangu ya nyuzi nne ilisikika mpaka mpiga ngoma akageuka kuniangalia.

Nikaona pia nimsikilize mjomba. Anaishi Tandika, miguu haimbebi sana siku hizi, lakini alipiga besi miaka ya 1980 kwenye bendi moja ya taasisi hapa Dar es Salaam. Nilibeba ile ya nyuzi tano nikamwonyeshe. Shikamoo, marahaba, chai, ndipo akaipokea magotini. Akapapasa ule uzi wa tano kwa dole gumba, akautikisa, akautazama jinsi unavyotetemeka mpaka uonekane kwa macho.

"Hii ya nani?"

"Bado ya mwenyewe, mjomba. Nataka kununua."

"Na ile nyeusi?"

"Ipo."

"Mbili." Akanyamaza kidogo. "Wewe una besi, anko. Mimi nilikuwa na zamu."

Vijana wengi hawajui hili. Katika dansi la wakati ule mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, vyombo vilikuwa vya bendi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikabadilika majina kadiri chama kilivyobadilika, JUWATA, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza 1978 na baadaye ikawa chini ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, ndiyo maana ya ile DDC mbele ya jina. Vijana Jazz, Polisi Jazz, bendi za JKT, zote namna hiyo. Hata Super Matimila ya Remmy Ongala ilibeba jina la mfanyabiashara mwenye vyombo. Bass, solo, rithim, ngoma, tarumbeta, vilikuwa vinafungiwa stoo baada ya onyesho, na ufunguo hukai nao wewe.

Mjomba alipohama bendi yake mwaka 1987 kwa sababu ya malipo, aliacha besi aliyoipiga miaka sita ikiwa imeegemezwa ukutani. Huko alikokwenda kulikuwa na mpiga besi tayari, na besi ilikuwa moja. Akakaa karibu mwaka mzima anakuja mazoezini anasikiliza. Alichotoka nacho ni mkanda wa begani tu, kwa sababu huo aliununua kwa pesa yake, ngozi, wenye tundu moja la ziada alilotoboa kwa msumari wa moto. Mkanda huo ndio uko kwenye besi yangu.

Nilitegemea aniambie nunua au usinunue. Hakusema lolote kati ya hayo. Aliuliza kitu kimoja tu: "Hiyo nyeusi ikizima ukumbini, unafanya nini?" Nikamwambia haijawahi kuzima. Akanirudishia ile besi, akaomba tumbaku.

Nyuzi tano niliirudisha Alhamisi, wiki mbili zilipotimia. Nilimwambia jamaa ukweli kwamba ni chombo kizuri na si kwa sasa. Kuna kingine sikumwambia: iliniangusha kidogo siku moja, na kosa lilikuwa langu. Ile ni besi yenye betri ndani, ya volti 9, na ukiacha waya umechomekwa kwenye jeki, lile tundu la waya, betri inafanya kazi usiku kucha. Niliiacha hivyo usiku wa Ijumaa ile, Jumamosi nyimbo tatu za mwisho ikawa inatoa sauti ya redio ya mbali. Nilimrudishia ikiwa na betri mpya.

Jumamosi yake, sendofu, wimbo wa nne, ile nyeusi ikazima.

Haikuanza siku ile. Jeki yake ilikuwa imelegea miezi mitatu. Nilikuwa najua. Nikigeuza mwili upande fulani inakwaruza, nikirudi inatulia, kwa hiyo nilijifunza kusimama upande mmoja kama mtu mwenye jipu. Mimi, ambaye nashinda nalehemu mabomba ya friji za watu, sikupata dakika ishirini za kulehemu waya mbili za besi yangu. Mganga hajigangi. Nikacheza na waya, nikaupinda, nikaufunga na raba, wapi. Nikamwangalia mpiga kinanda. Naye akaniangalia, na kwa ishara ya kidevu akaniuliza: nirudishe mkono? Nikamwitikia.

Akarudisha mkono wake wa kushoto pale chini. Na shughuli ikaendelea. Shangazi za bibi harusi walikuwa katikati ya ukumbi na vitenge vyao, hakuna hata mmoja aliyesita. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya spika na besi bubu magotini, kwa muda wa saa mbili na nusu, nikiangalia watu wakicheza bila mimi. Kiongozi alinilipa 25,000. Sikumlaumu. Iliyoniuma zaidi ni zile shangazi.

Jumapili asubuhi kabla ya ibada nililehemu ile jeki. Dakika kumi na mbili, nilitega saa.

Baada ya hapo sikuwa na swali tena kama ninahitaji besi nyingine. Niliihitaji, ila si ile. Besi ya pili ya mtu wa deiwaka haitakiwi kuwa nzuri kuliko ya kwanza. Inatakiwa iwake. Isiwe na betri. Iwe ya bei ambayo ukiisahau kwenye bajaji utaumia lakini utalala. Nilitafuta wiki tano. Nikaona moja Ilala yenye shingo iliyopinda kama upinde, nyingine Mbagala nzuri lakini mwenyewe hakueleweka ameipata wapi, nikaondoka. Mwisho nikaipata Buguruni kwa kijana anayehama, nyekundu, nyuzi nne, 260,000 na mfuko wake.

Niliikagua kwa saa nzima, kijana akaboreka. Kwanza unaishika kama seremala anavyopima ubao, jicho moja, unaangalia shingo kuanzia mwilini kuelekea kichwani. Halafu unabonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, unaangalia katikati: pakipenya kadi ya mwaliko wa harusi, shingo iko sawa, pakipenya funguo, kuna kazi, pasipopenya kitu kabisa, huenda imepinda upande wa pili, na hiyo ni mbaya zaidi. Ninazo kadi za mwaliko kila mfuko, ndiyo faida ya kazi hii. Freti ya kumi na mbili unapiga sauti ya kengele, ile ya kugusa bila kubonyeza, kisha unabonyeza, zote mbili zinatakiwa ziwe noti moja. Simu siku hizi inakupimia. Kila freti, kila uzi, moja moja, unasikiliza ipi inaunguruma. Vitufe vya sauti unavizungusha: kukwaruza si kosa kubwa, dawa ya kupuliza ipo. Jeki nikaitikisa kuliko vyote. Kijana akaniuliza kwa nini naitikisa hivyo. Nikamwambia nina historia.

Na hapa ndipo ile E-flati iliponirudia. Besi ya 260,000 haikupi huruma ya kuichokonoa. Kuna ujanja wapiga besi wameutumia siku nyingi: unanunua seti ya nyuzi tano, unaacha ule mwembamba wa G, unafunga nne zilizobaki kwenye besi ya nyuzi nne. B, E, A, D. Unapoteza juu, unapata chini. Kwenye ile nyeusi nisingethubutu, maana lazima upanue mifereji ya kile kipande cheupe nyuzi zinapopitia kuelekea kichwani. Uzi wa B una milimita tatu na ushee, wa E haufiki tatu, na ukishachonga hakurudi. Nilizungushia msasa kwenye uzi mkongwe, nikasugua polepole, kila baada ya mara kumi najaribu. Uzi ulipokaa, nikarekebisha kidogo chuma cha ndani ya shingo kwa sababu mvuto umebadilika, robo mzunguko, nikaiacha ilale, asubuhi robo nyingine.

Nikaipeleka kanisani nikiwa na furaha ya kijinga. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa G. Nikaweka kidole freti ya tatu, uzi mnene, kama nilivyofanya tangu 2011.

Hiyo siyo G tena. Ni D. Kila nilichopiga kilikuwa kimeshuka nusu toni tano, kwenye C naweka G, kwenye D naweka A. Ajabu yake ni kwamba haikusikika kama kosa. Kila noti niliyopiga imo ndani ya chodi yake, ni ile ya tano tu, kwa hiyo hakuna kilichogombana waziwazi. Wimbo ulikosa sakafu. Kwaya ikaanza kuelea. Mwalimu wa kwaya akageuka, akatuangalia mmoja mmoja, akawashuku sauti ya pili, akawanyooshea kidole wanyanyue. Masikini sauti ya pili, hawakuwa na hatia. Mpiga kinanda peke yake ndiye aliyejua. Aliinamisha kichwa kwenye vitufe mabega yanatikisika, na mimi nikatafuta njia ya kurudi nyumbani mpaka beti la pili.

Imepita miezi saba. Nyeusi inakwenda kwenye harusi na sendofu, nyekundu inakaa kanisani na inapanda bajaji pamoja nasi shughuli zikiwa kubwa, mfuko umefungwa, kama akiba. Mkanda bado ni mmoja, nauhamisha. Juu kwenye sebene nyekundu inanibana, ule uzi wa G unakosekana kweli, na kuna nyimbo mbili ambazo nimeacha kuzipamba kwa sababu hiyo. E-flati ipo. Si kama ile ya Yamaha. Uzi wa B kwenye shingo ile ni mzito kuamka, inabidi uupige karibu na daraja na uwe na subira.

Juzi jioni nilikuwa nabadilisha nyuzi sebuleni, simu ikalia. Ujumbe kutoka Tabata: bado haijapata mtu, sasa ni 980,000, na anaongeza kistendi. Mke wangu alikuwa anachambua mchele kwenye ungo.

"Nani huyo saa hizi?"

"Yule mgeni wetu wa nyuzi tano. Anasalimia."

Hakuinua macho. Akatoa jiwe moja, akalirusha dirishani.

"Mwambie marahaba."

Ujumbe sijaujibu. Sijaufuta pia.